Kodi haitimii: uahirishiwe, upunguziwe, ukope au uhame?

Tarehe ya kodi imekaribia na ulichonacho mkononi ni sehemu tu. Hapo wengi wetu tunanyamaza. Simu ya mwenye nyumba inaita mpaka inakata. Taa inazimwa mapema ili ionekane hakuna mtu ndani. Niliishi hivyo kwa wiki sita baada ya kupunguziwa saa kazini, nikitoka alfajiri na kurudi usiku nimeshika viatu mkononi ili nyayo zisisikike kwenye korido. Nalinganisha hapa njia alizonazo mpangaji kodi isipotimia, na naanza na hiyo ya kunyamaza kwa sababu ndiyo niliyoichagua mimi, na ndiyo iliyonigharimu kuliko nyingine zote.

Nilipompigia mama mwenye nyumba hatimaye, ilikuwa tarehe 9 ya mwezi wa pili. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, ungeniambia kabla ya tarehe 1 ningejipanga. Sasa na mimi nimeshakopa ili nilipe benki." Sikuwahi kufikiria kwamba nyumba ile nayo ina mkopo wake. Kimya changu kilikuwa kimemnyang'anya nafasi ya kunisaidia kabla hata hajaamua kama anataka.

Kwanza pima pengo lenyewe

Kabla ya kuchagua njia yoyote, jibu swali moja: pesa itarudi, na itarudi lini? Kuna pengo la muda. Mshahara umechelewa, umeugua, mteja mkubwa hajalipa, kazi imesimama lakini ina tarehe ya kuanza tena. Na kuna pengo la kudumu. Kipato kimeshuka na hakuna dalili ya kupanda, au kodi imepandishwa mpaka imekupita, au mlikuwa wawili mnachanga na sasa umebaki peke yako. Dawa ya la kwanza ni sumu kwa la pili. Mtu mwenye pengo la kudumu akiomba kuahirishiwa anajijengea deni ambalo hana pa kulitoa.

Chukua karatasi. Andika pesa inayoingia kwa uhakika katika mwezi wa kawaida, siyo mwezi huu mbaya. Ondoa chakula, nauli ya kazini, dawa, ada za watoto na madeni mengine. Kinachobaki kikitosha kodi, pengo lako ni la muda. Kisipotosha hata katika mwezi mzuri, ni la kudumu, na ni afadhali uujue ukweli huo leo kuliko miezi minne ijayo. Wapo wanaopima kwa asilimia, kwamba kodi isizidi asilimia 30 ya kipato. Ni kipimo kinachotumika sana, lakini mimi naamini zaidi kile kinachobaki kwenye karatasi, kwa sababu watu wawili wenye mshahara mmoja wanaweza kuwa na mizigo tofauti kabisa.

Ili hesabu zieleweke popote ulipo, tuseme kodi yako ni 100 kwa mwezi na unaweza kupata 60. Pengo ni 40. Kwa miezi mitatu, pengo hilo linakuwa 120.

Kuahirishiwa au kupunguziwa

Maneno haya mawili watu huyachanganya, na hapo ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Kuahirishiwa maana yake unalipa 60 sasa na zile 40 zinabaki deni lenye tarehe. Kupunguziwa maana yake kodi ya mwezi huo *ni* 60, na 40 haziko tena. Baada ya miezi mitatu, wa kwanza anadaiwa 120 na wa pili hadaiwi kitu.

Tatizo ni kwamba mwenye nyumba mara nyingi hasemi lolote kati ya hayo. Anasema: "Wewe lipa ulichonacho, tutaangalia." Unaondoka umefurahi, moyoni umeshaandika punguzo. Yeye kwenye daftari lake ameandika deni. Mwaka unapita, siku unayohama anakutolea hesabu ya malimbikizo, na wote wawili mnajiona mmedhulumiwa. Ukisikia "tutaangalia", mwandikie ujumbe jioni ile ile: "Asante kwa leo. Nimeelewa kwamba 40 za mwezi huu zimesamehewa, siyo deni. Kama sivyo, naomba unijulishe." Atajibu, na jibu lolote atakalotoa lina faida kwako.

Kuahirishiwa ni rahisi kukubaliwa, kwa sababu mwenye nyumba hapotezi kitu kwenye karatasi, anachelewa tu kupata. Kunakufaa ukiwa na pengo la muda lenye tarehe ya mwisho. Ombi likiambatana na ushahidi, kama barua ya mwajiri, cheti cha hospitali au ujumbe wa mteja anayeahidi kulipa, linasikilizwa tofauti na "mambo magumu". Huu ni mfano wa ujumbe ambao ningetuma leo kama ningerudishwa pale:

"Shikamoo Mama. Mimi mpangaji wako wa chumba namba 4. Nakuandikia mapema kuhusu kodi ya mwezi ujao. Kazini wametupunguzia saa kuanzia wiki hii, na tumeambiwa itakuwa hivyo kwa miezi mitatu. Tarehe 1 nitalipa 60 kati ya 100. Naomba 40 zinazobaki kila mwezi, kwa miezi hiyo mitatu, nizilipe kidogo kidogo baadaye: 10 juu ya kodi, kwa miezi kumi na miwili. Barua ya mwajiri nimeipiga picha, ipo hapa chini. Naomba tuonane Jumamosi tuandikishane."

Tazama zile 10. Deni la 120 likigawanywa kwa miezi 12, kila mwezi unalipa 110. Likigawanywa kwa miezi 6, unalipa 120. Kwa miezi 2, unalipa 160. Mimi, kwa aibu ya kuwa nimejificha wiki sita, niliahidi kumaliza kwa miezi miwili ili nionekane mtu wa maana. Mwezi wa kwanza nililipa kwa kuuza simu. Mwezi wa pili nikashindwa, na mama yule aliyekuwa amenielewa mara ya kwanza hakuwa na sababu ya kunielewa tena. Ahadi ndogo uliyoitimiza mara kumi na mbili inakujengea heshima kuliko ahadi kubwa iliyovunjika mara moja. Usikubali kiwango ambacho karatasi yako ya hesabu haikibebi, hata kama unaona aibu kusema.

Makubaliano yakiandikwa, yaonyeshe jumla ya deni, ni la miezi ipi, tarehe za kulipa, na kwamba adhabu ya kuchelewa haitaendelea kuhesabiwa maadamu unalipa. Soma mstari wa mwisho kwa makini kuliko mingine yote. Nimeona karatasi zenye sentensi kama "nikikosa malipo hata mara moja nitaondoka bila notisi". Hiyo usiitie saini. Na kabla ya kusaini hakikisha jumla ni sahihi, kwa sababu saini yako inageuka kuwa ukiri wa deni, na ukishakiri 150 ni vigumu kurudi kusema ilikuwa 120.

Kupunguziwa ni kugumu zaidi kupata, lakini ndiko kunakomfaa mwenye pengo la kudumu dogo. Hapa unazungumza kama mfanyabiashara na mfanyabiashara. Jiweke upande wake. Akikupunguzia 20 kwa mwaka mzima anapoteza 240. Ukiondoka, na nyumba ikakaa tupu miezi miwili, anapoteza 200, kisha aongeze rangi, fundi na malipo ya dalali, halafu hamjui anayekuja. Kwa hiyo kuomba 10 au 20 kuna hoja, hasa ukiwa mpangaji wa miaka, unatunza nyumba, na nyumba za jirani zina mabango ya kupangisha. Kuomba 40 kwa kudumu hakuna hoja, na ukilazimisha unafungua mazungumzo ya kuondoka kwako. Mpe na yeye kitu: mkataba mrefu zaidi, kulipa siku tano kabla ya tarehe, kupaka rangi mwenyewe. Punguzo likikubaliwa, liandikwe kwa neno hilo hilo, *punguzo*, na mwezi linapoanza na linapoisha.

Kulipa nusu au kushikilia mpaka itimie

Wapo wanaosema: kama siwezi kulipa zote, bora nisubiri zitimie nilipe kwa heshima. Naielewa hisia hiyo lakini siikubali. Pesa iliyoshikiliwa nyumbani hailali. Kabla ya wiki kuisha imeshapata kazi nyingine. Na deni la 40 halifanani na deni la 100 mbele ya mtu yeyote atakayekuja kuamua ugomvi wenu.

Sheria zenyewe katika baadhi ya nchi zinaonyesha tofauti hiyo. Ujerumani, mwenye nyumba anaweza kuvunja mkataba papo hapo mpangaji anapokuwa nyuma kwa miezi miwili mfululizo kwa kiasi kinachozidi kodi ya mwezi mmoja, au malimbikizo ya muda mrefu zaidi yanapofikia kodi ya miezi miwili. Weka hesabu yetu hapo. Asiyelipa kitu anaufikia mpaka huo mwezi wa pili. Anayelipa 60 anaufikia mwezi wa tano. Hiyo haimkingi na notisi ya kawaida, lakini miezi mitatu ya ziada ya kutafuta kazi au nyumba nyingine si kitu kidogo.

Kuna tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba kulipa nusu hakusimamishi notisi peke yake, isipokuwa sheria ya kwenu au maandishi yenu yaseme hivyo. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani, mwenye nyumba akipokea sehemu ya kodi baada ya kutoa notisi, notisi hiyo inaweza kufa, na ndiyo maana wengine wanakataa kabisa kupokea nusu. Akikataa yako, iweke kando isiguswe na umwandikie kwamba ulimletea tarehe fulani, kiasi fulani, akakataa.

Ya pili niliijua kwa machungu. Mwezi ule nilituma 60 nikiwa na hakika kwamba nimelipa zaidi ya nusu ya kodi. Nilipokwenda kuonana na mama, alifungua daftari lake la kurasa za mistari, kidole chake kikashuka mpaka jina langu. Mbele ya mwezi ule, kwenye safu ya kodi, palikuwa na sifuri. Pesa yangu ilikuwa imegawanywa: sehemu imekwenda kwenye bili ya maji ya zamani, sehemu kwenye adhabu ya kuchelewa, na iliyobaki kwenye deni la mwezi uliopita. Hakuwa ameniibia. Nilituma pesa bila neno, akaipangia kazi mwenyewe. Tangu siku hiyo kila malipo yangu yana maelezo: "Sehemu ya kodi ya mwezi wa tatu." Na risiti nazikunja kwenye bahasha moja, hata zile zilizoandikwa kwenye kipande cha boksi.

Jambo jingine ni la wale wanaokataa kulipa kwa sababu nyumba ina kasoro: paa linavuja, choo kimeharibika. Malalamiko ni ya haki, lakini sehemu nyingi kuna utaratibu wa kufuata kabla ya kuzuia kodi, na anayezuia kwa uamuzi wake mwenyewe anaweza kujikuta yeye ndiye mvunja mkataba. Lalamika kwa maandishi, piga picha, tumia kasoro hiyo kuombea punguzo.

Amana au mkopo

"Si una pesa yangu ya amana? Ikate humo." Ni sentensi inayokuja haraka mdomoni, na ina ukweli ndani yake, kwa sababu pesa ile ni yako. Lakini iliwekwa kulinda nyumba dhidi ya uharibifu na deni la mwisho, na mwenye nyumba akiitumia katikati ya safari anabaki bila kinga. Ndiyo maana wengi hukataa, na baadhi ya mikataba inakataza waziwazi. Kuna nchi ambako hata sheria haimruhusu aichezee: England na Wales, tangu 2007, amana za mikataba mingi ya makazi lazima ziwe chini ya mpango maalumu wa ulinzi.

Amana inafaa mahali pamoja: mwisho. Ukishaamua kuhama na nyumba iko katika hali nzuri, omba akague mapema, mwezi mmoja kabla. Akiona hakuna kilichovunjika, makubaliano kwamba amana iwe kodi ya mwezi wa mwisho yanawafaa nyote wawili. Katikati ya mkataba, kukata amana ni kujikopa mwenyewe huku ukijua utatakiwa kuijaza tena.

Mkopo je? Hapa naomba usome hesabu taratibu. Tuseme unakopa zile 40 mwanzoni mwa kila mwezi kwa miezi mitatu, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, na riba inaingia kwenye deni. Mwisho wa mwezi wa tatu hudaiwi 120, unadaiwa karibu 146. Ukikaa miezi mingine mitatu bila kulipa, linakuwa karibu 194. Deni la kodi la 120 limekaribia kodi ya miezi miwili, na mwenye nyumba hakuongeza hata senti. Sasa linganisha na yule aliyekubaliwa kulipa 10 juu ya kodi kwa miezi kumi na miwili: anamaliza akiwa amelipa 120 ile ile. Mwenye nyumba anayekubali kungoja bila adhabu ndiye mkopeshaji wa bei nafuu kuliko wote utakaowapata. Kwa hiyo zungumza naye *kabla* ya kufungua programu ya mkopo kwenye simu. Ukikopa kwanza halafu ukaenda kwake mwezi unaofuata ukiwa umekwama, unakwenda na madeni mawili.

Mkopo ukiwa lazima, anza na ule usio na riba au wenye riba ndogo: malipo ya mapema kutoka kwa mwajiri, chama cha kuweka na kukopa ambacho wewe ni mwanachama, ndugu. Wa ndugu nao uandikwe, hata kwa ujumbe wa simu, wenye kiasi na tarehe. Deni la ndugu halina riba ya pesa, lina riba nyingine, na inaanza kuhesabiwa siku unapoacha kuhudhuria shughuli za familia kwa sababu yeye atakuwepo. Na kopa kwa pengo la muda tu. Kukopa kila mwezi ili kulipia nyumba iliyokupita ni kulipia nyumba hiyo mara mbili.

Mtu wa kuchangia au kuhama

Hizi ndizo njia mbili za mwenye pengo la kudumu, na uamuzi kati yake ni mgumu kwa sababu moja inabadilisha maisha ndani ya nyumba na nyingine inabadilisha nyumba.

Mtu wa kuchangia akileta 40, pengo limezibika siku hiyo hiyo, huna haja ya kubeba hata kijiko. Lakini uliza kwanza anaingia kwa cheo gani. Akiandikwa kwenye mkataba pamoja nawe, mara nyingi kila mmoja anawajibika kwa kodi yote. Yeye akitoroka, mwenye nyumba ana haki ya kudai 100 kutoka kwako. Akiwa mpangaji wako wewe, umekuwa mwenye nyumba mdogo: asipolipa, hasara ni yako, na kumtoa ni kazi yako. Na ukimwingiza bila ruhusa pale mkataba unapokataza, umempa mwenye nyumba sababu ya kukuondoa ambayo hakuwa nayo. Omba ruhusa kwa maandishi. Halafu kaeni chini nyinyi wawili kabla hajaleta begi: nani anashika amana, maji na umeme vinagawanywaje, wageni wanalala siku ngapi, anayetaka kuondoka anatoa taarifa ya muda gani. Maswali haya yanakera kuyauliza rafiki. Yanakera zaidi kuyauliza akiwa ameshahamia.

Kuhama nako kuna hesabu inayodanganya. Nyumba mpya ya 70 inakuokolea 30 kila mwezi, yaani 360 kwa mwaka. Inavutia. Lakini siku ya kuingia unatakiwa utoe kodi ya kwanza 70, amana 70, na tuseme 60 za gari, dalali na siku za kazi ulizokosa. Jumla 200, pesa taslimu, kwa mkupuo mmoja. Amana ya zamani itarudi, lakini baada ya kutoka, na ikiwa hakuna mvutano. Hapa ndipo mtego ulipo. Mtu mwenye pengo la kudumu huitumia akiba yake yote kushikilia nyumba ya zamani miezi mitatu au minne, akitumaini. Anapokubali kwamba lazima ahame, hana tena za kuhamia. Sasa hawezi kubaki na hawezi kuondoka.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye pengo la kudumu kubwa ni mkali kidogo: amua kuhama wakati bado una akiba ya kuhamia. Inauma. Watoto wana shule karibu, majirani wamekuwa ndugu, ukutani kuna alama za penseli za urefu wao mwaka hadi mwaka. Najua. Lakini kuhama kwa kupanga na kuhamishwa ni vitu viwili tofauti, na tofauti yake wakati mwingine ni wiki chache tu za kusitasita.

Mkataba wako ukiwa bado haujaisha, usifikiri umefungwa. Omba kuuvunja mapema kwa makubaliano, na ujitolee kutafuta mpangaji wa kuchukua nafasi yako. Mwenye nyumba anachoogopa zaidi ni nyumba tupu. Usitoroke usiku. Kodi inaweza kuendelea kuhesabiwa mpaka mkataba uvunjwe kihalali, mdhamini wako ndiye atakayegongewa mlango, na nyumba inayofuata itaulizia ulikotoka. Siku ya kutoka piga picha za kila chumba na za mita, na kabidhi funguo mbele ya mtu au kwa saini.

Msaada wa nje

Msaada huo ukiwepo, uombe mapema, sambamba na mazungumzo, usingoje yashindikane. Msaada huchelewa kufika na hutaka karatasi. Wakati wa janga la korona Marekani ilitenga zaidi ya dola bilioni 46 kwa ajili ya wapangaji walioshindwa kodi, na kwa kawaida pesa ilikwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Kwa hiyo mpangaji aliyekuwa na mkataba, hesabu ya deni na mwenye nyumba anayeongea naye alikuwa mbele ya aliyejificha. Misaada mingi ya aina hiyo, ya serikali, ya mashirika au ya nyumba za ibada, inauliza mambo yale yale: mkataba uko wapi, unadaiwa kiasi gani, nini kilitokea.

Kuna pia misaada isiyo ya pesa bali ya muda. England na Wales, tangu Mei 2021, mtu mwenye madeni, yakiwemo malimbikizo ya kodi, anaweza kupata siku 60 ambazo wadai wengi hawaruhusiwi kumfuata, ingawa kodi inayoendelea lazima ailipe. Ufaransa, kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi, wapangaji kwa kawaida hawatolewi kwa nguvu kwa sababu ya baridi. Deni linaendelea kukua wakati huo wote. Muda unaopewa ni wa kutengeneza mpango, na anayeutumia kulala anaamka na mzigo mkubwa zaidi.

Notisi ikishafika

Wengi wakipokea karatasi ya notisi hufungasha usiku huo huo, au huitupa chini ya godoro. Zote mbili ni makosa. Notisi ni mwanzo wa utaratibu. Soma tarehe, soma kiasi, linganisha na risiti zako kwenye bahasha. Katika nchi nyingi mwenye nyumba haruhusiwi kukutoa kwa mkono wake: kubadilisha kufuli, kukata maji, kung'oa mlango. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996, kifungu cha 26, inasema wazi kwamba hakuna mtu anayeweza kuondolewa nyumbani kwake bila amri ya mahakama. Lakini sheria zina pande mbili. Kenya ina sheria inayomruhusu mwenye nyumba kukamata mali ya mpangaji kwa ajili ya malimbikizo, kupitia dalali wa mnada mwenye leseni. Kabla ya kumjibu mtu kwa jeuri kwamba "huwezi kunifanya kitu", muulize anayeijua sheria ya mahali ulipo.

Na hata kesi ikishafunguliwa, kulipa bado kuna maana. Ujerumani, mpangaji anayelipa malimbikizo yote ndani ya miezi miwili tangu apelekewe kesi ya kuondolewa anaweza kuufuta uvunjaji wa mkataba wa papo hapo, ingawa si mara mbili ndani ya miaka miwili. Kwingine hakimu anaweza kukubali mpango wa awamu.

Kinachohitajika ni wewe kuwepo siku hiyo. Nenda hata kama unadaiwa kweli, hata kama huna wakili. Asiyefika anaamuliwa bila sauti yake. Beba mkataba, bahasha ya risiti, ujumbe mlioandikiana umechapishwa, na karatasi ile ya hesabu uliyoandika mwanzoni. Ukiulizwa unapendekeza nini, usiseme "nitajitahidi". Sema: "Nitalipa 110 kila tarehe 1, kuanzia mwezi ujao, na 60 za leo nimekuja nazo."